Msako wa Shati Bila Mkanda

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina, tena jina zuri, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mkubwa pale mpakani. Siku moja ubao ukaibwa pamoja na nguzo zake. Wageni wakawa wanaingia bila kujua wameingia wapi, na sisi wenyewe tukiulizwa tunatoka wapi tukawa tunajibu tu, "Hapa hapa." Kwa hiyo nikisema hapa hapa, msomaji asinichoke. Na kama unaona panafanana na kwenu, hayo ni yako na kwenu, mimi simo.

Mimi naimba besi katika Kwaya ya Wizara. Si kazi ya kudharau. Kwetu hakuna bomba la maji linalofunguliwa bila kwaya, wala bomba linalofungwa bila kwaya, na kwaya isiyo na besi ni kelele za watu tu. Ndiyo maana haya nimeyaona kwa macho yangu, nimesimama safu ya nyuma, nimevaa joho lililoshonwa na jirani yangu Bi Sikudhani. Siasa siijui. Naeleza tu.

Vitu vyetu vilikuwa na tabia ya kupotea. Zilianza taa za barabarani, zikafuata nguzo zilizozibeba taa. Vikaondoka vitanda vya hospitali, wagonjwa wakaambiwa wasimame kidogo, na wengine wamesimama mpaka leo. Ikaondoka friji ya chanjo ya zahanati, ikaondoka kengele ya shule, yakaondoka mataruma ya reli, ingawa reli yenyewe ilikwisha kutangulia. Serikali haikulala. Iliivunja Wizara ya Mali ya Umma ikaunda mbili mahali pake, Wizara ya Vitu Vinavyoonekana na Wizara ya Vitu Vilivyokuwa Vikionekana. Hiyo ya pili ndiyo iliyopewa jengo kubwa.

Yetu ilikuwa ile ya kwanza, chini ya Mheshimiwa Ngwali Makorongo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, mpenda kwaya na mpenda vitu. Wananchi walijifariji kwamba za mwizi ni arobaini. Walisahau kwamba Bunge letu lilikwisha kuziongeza.

*

Basi gazeti moja la Ulaya likaandika habari zetu, na katika kueleza viongozi wetu wameifanya nini nchi yao likatumia kitenzi cha Kiingereza, "ransack". Mheshimiwa alisomewa habari ile wakati wa chai ya saa nne. Akauliza neno hilo maana yake nini. Makatibu wake, ambao mpaka dakika ile wote walikuwa wakijua Kiingereza, wakakisahau kwa pamoja.

Ikabidi aitwe Profesa Lutengano wa chuo kikuu. Huyu alipelekwa ng'ambo ujana wake wote kusomea lugha za kale za watu wa kaskazini, kule kwenye baridi, na aliporudi akakuta hakuna mtu hapa hapa mwenye swali lolote juu ya lugha hizo. Amekaa chuoni miaka na miaka akisubiri kuulizwa. Alipopata wito wa Waziri alikuja mbio, tai ikiwa begani, na macho yamelowa kwa furaha.

Sisi kwaya tulikuwepo, maana chai ya saa nne nayo huimbiwa.

Profesa akaeleza kwamba kwa matumizi ya leo neno lile lina maana ya kuingia mahali, kupekua kila pembe, kupindua kila kitu, kuondoka na unachokitaka na kuwaachia wenyewe vurugu. Mtu mmoja aliyekuwa amelamba sukari kwenye kijiko akakirudisha kijiko mahali pake.

"Lakini asili yake," Profesa akasema, "asili yake ni njema kabisa."

"Hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka," akasema Mheshimiwa.

Ikawa hivi. Watu wa kaskazini zamani walikuwa na neno lao, na neno lile lilikuwa na vipande viwili. "Rann" ni nyumba, na "saka" ni kutafuta. Basi maana yake ilikuwa kupekua nyumba, na si kwa uhuni, bali kwa sheria. Mtu akiibiwa, alikuwa na haki ya kwenda na mashahidi mpaka nyumba anayoishuku, akaomba kutafuta mali yake. Mwenye nyumba akikataa, basi anahesabiwa mwizi. Baadaye watu hao hao wakapanda vyombo vyao wakaenda kuwatembelea Waingereza, na Waingereza wakapata muda wa kutosha kuona wageni wao wanavyotafuta vitu ndani ya nyumba. Neno likabaki kule, na karne hadi karne, taratibu, sheria ikadondoka njiani ikabaki mikono.

Mheshimiwa hakusikia la Waingereza. Alikuwa amekwama kwenye kile kipande cha pili.

"Saka?" akauliza. "Hilo si letu hilo?"

Profesa akasema ni bahati tu, lugha mbili zisizojuana zimegongana kama watu wawili mlangoni. Mheshimiwa akakataa katakata. Akasema Wazungu wametupora hata neno la kuporea, na akaagiza iandikwe barua ya kudai lirudishwe. Tulipiga makofi, wengine wetu kwa dhati.

Kisha Profesa, kwa raha ya kuulizwa, akaongeza jambo moja. Kule kaskazini, mpekuzi hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu amevaa anavyotaka. Aliingia na shati tu, mkanda umelegezwa au umevuliwa, asije akaficha kitu kifuani akakipachika ndani ya nyumba ya watu na kusema amekikuta humo. Mheshimiwa aliposikia hivyo alisimama. Akasema amesikia mengi maishani lakini hajapata kusikia utaratibu uliojaa heshima namna hiyo, na kwamba lile gazeti, pasipo kujua, limetusifu. Kuanzia leo nchi yetu itaishi kulingana na sifa yake.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Msako Halali. Bunge liliipitisha kabla ya chakula cha mchana. Mheshimiwa mwenyewe aliongeza kifungu kimoja kutoka kichwani mwake, na alikipenda mno kuliko vyote. Kifungu kilisema kwamba yeyote anayedai kitu ni chake sharti aseme mbele ya mashahidi amekipata wapi, na aliyempa aitwe athibitishe. Mwalimu wetu wa kwaya akakitia muziki kabla usiku haujaingia. Kiitikio chake kilikuwa chepesi, hata mtoto anakishika: *Sema, sema, sema ndugu, umekipata wapi?* Na sheria ikaamuru kwamba hakuna msako bila kwaya, na kila anayedai kitu aimbiwe.

*

Mashati ya wapekuzi yalishonwa na Bi Sikudhani. Wizara iliyataka yawe mapana, marefu hadi magotini, bila mfuko, bila mkanda, bila hata pindo la kufichia sindano. Aliyashona barazani kwake, kwa cherehani yake ya miguu, na sisi majirani tulilala na kuamka kwa mlio wake.

Niseme kidogo juu ya cherehani ile. Aliirithi kwa mama yake, ambaye naye alikuwa fundi. Ni nzito kama ng'ombe aliyekataa kuondoka, na mguu wake mmoja umefungwa kitambaa cha kanga kuukuu ili usikwaruze sakafu, kanga ambayo marehemu mama yake aliifunga kwa mkono wake. Bi Sikudhani ni mjane, analea wajukuu. Cherehani ikilia, sufuria inapanda jikoni. Ikinyamaza, hakuna haja ya kuwasha moto. Mahesabu yake yalikuwa rahisi hivyo.

Msako wa kwanza ulifanyika mtaani kwetu, na nyumba ya kwanza ilikuwa yake. Walikuja wapekuzi wakiongozwa na Afande Mbaruku, mtu mwaminifu sana kwa taratibu, wote wamevaa yale mashati. Mikanda waliiacha kwenye gari, na kwa kuwa suruali bila mikanda zilikuwa zinawaaibisha, suruali nazo zikaachwa kwenye gari. Afande akasimama mlangoni, akainua mikono, akajizungusha taratibu watu wote wamwone.

"Mnashuhudia hatuingizi kitu?" akauliza.

Tukasema tumeshuhudia. Na kweli, nasema kwa kiapo, katika misako yote niliyoiimbia sikuona hata siku moja mpekuzi akiingiza kitu ndani ya nyumba ya mtu. Heshima ile waliilinda mpaka mwisho. Kuhusu kutoa, sheria haikusema lolote.

Walitoa kinu, wakatoa jamvi, kisha wakafika kwenye cherehani. Bi Sikudhani akasema ni yake. Tukamwimbia. Akasema ameipata kwa mama yake. Afande akasema vizuri, mama aitwe athibitishe. Bi Sikudhani akamwambia mama yake yuko makaburini. Afande Mbaruku si mtu wa kuruka hatua. Akamtuma mtu akaite, tukasubiri muda wa adabu, mtu akarudi akasema ameita lakini hajaitikiwa. Basi cherehani ikahesabiwa mali ya wizi isiyo na mwenyewe.

"Baba," Bi Sikudhani akamwambia Afande, "hilo shati ulilovaa nimelishona kwa cherehani hiyo unayoibeba."

Afande akainama akatazama mshono wa shati lake, akasema ni kazi safi, kisha akawaamuru wenzake wainue. Tukaimba ubeti wa mwisho. Nilipofika pale besi inaposhuka nikafungua mdomo bila sauti. Niliona haya kumtazama yule mama, nasema kweli.

*

Msako ulifanikiwa kupita matarajio. Kila nyumba ilikutwa na kitu ambacho mwenyewe hakuweza kuelezea, maana nani hapa hapa ana risiti ya kinu? Vitu vilipelekwa bohari ya Wizara, na bohari ilipojaa, Mheshimiwa kwa moyo wa kujitolea akakubali vingine vihifadhiwe nyumbani kwake. Vilikuta wenzao humo, maana nyumba ile ilikuwa imeanza kuhifadhi siku nyingi.

Bi Sikudhani akawa anakwenda Wizarani kila asubuhi. Hakupiga kelele. Alikaa chini karibu na lango, akatoa uzi na sindano, akawa anashona kwa mkono vishati vya watoto, kimoja kwa siku mbili, na kila mkubwa aliyepita alimwamkia na kumuuliza habari ya cherehani yake. Msimu wa sare za shule ulikuja ukaondoka, wateja wakaenda kwa mafundi wa mbali. Wajukuu wakaanza kuja kula kwetu, mara kwangu, mara kwa jirani mwingine, nasi tukawa tunajidai hatuoni kwamba bibi yao anasema ameshiba kabla hajaonja. Iliniuma. Niliwahi hata kumwambia Mwalimu wa kwaya kwamba wimbo wetu una kasoro, akaniuliza kama ni kwenye besi.

Wakati huo sifa za msako zilifika Ulaya. Mabalozi wakafurahi kuona neno la mababu wa jirani zao limefufuka kusini, tena na mashati yake. Wakamwomba Mheshimiwa jambo dogo. Waliomba msako mmoja wa maonyesho, katika nyumba ya mkubwa, ili dunia ione kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Wakapendekeza, kwa heshima kubwa, nyumba yake yeye.

Mheshimiwa alikubali akitabasamu, maana kukataa ni kuhesabiwa mwizi. Na kwa kuwa alitaka mwananchi aliyeibiwa kweli kweli, akasema achukuliwe yule mama wa pale langoni, ana adabu na hajui makelele.

Kisha akarudi nyumbani akafunga mlango, akaanza kuuliza watu wake kitu kimoja kimoja wamekipata wapi. Walianza na makochi, wakaenda kwenye pazia, wakapanda hadi kwenye feni za dari. Hakuna aliyekumbuka. Meza ya chakula ilipopinduliwa ikaonekana upande wa pili ina maandishi ya dhahabu. Ilikuwa ule ubao wetu wa mpakani. Mheshimiwa akamwita Profesa amuulize watu wa kale wa kaskazini walifanya nini siku nyumba zao wenyewe zilipokuwa zimejaa. Profesa akasema vitabu viko kimya hapo.

Aliyemwokoa ni Afande Mbaruku. Vitu vyote vitolewe mchana kweupe, akashauri, viitwe msaada kwa waathirika wa msako, wagawiwe wananchi mbele ya kamera. Mabalozi wakishaondoka, tunavikusanya kimya kimya. Mheshimiwa akamkumbatia.

*

Sijapata kuona ugawaji wa msaada kama ule. Malori yaliingia mtaani na ving'ora, na mbele kitambaa kimeandikwa Serikali Inakujali. Mheshimiwa alikabidhi kila kitu kwa mkono wake, akipigwa picha, na kila mpokeaji alitakiwa kusema mbele ya kamera kwamba kitu hiki nimepewa na Mheshimiwa Makorongo. Muuguzi wa zahanati alipewa kengele ya shule. Mwalimu mkuu akapewa friji ya chanjo. Bi Sikudhani alipewa taa ya barabarani na nguzo yake, akapiga goti akashukuru. Kinyozi akapewa ule ubao.

Mimi nikapewa cherehani.

Niliitambua kwa kile kitambaa cha kanga mguuni. Nilisema mbele ya kamera kwamba kitu hiki nimepewa na Mheshimiwa Makorongo, nikakipandisha kwenye mkokoteni. Sikuwa peke yangu njiani. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unatembea umebeba vitu. Mwalimu mkuu alikuwa anasukuma friji kuelekea zahanati, muuguzi anakwenda shuleni na kengele inalia yenyewe kila akikanyaga shimo, na watu wanne wamebeba kitanda cha hospitali wakimtafuta mgonjwa aliyesimama. Hakuna aliyekuwa ametoa amri. Tulipishana tu, tukisalimiana.

Bi Sikudhani alikuwa barazani amekaa karibu na nguzo yake. Nilipoishusha cherehani aliinuka akaifuata. Alipiga magoti, akakishika kile kitambaa, akalikuta fundo la mama yake halijafunguliwa, akalia. Nami nikalia, mtu mzima, mpaka wajukuu wakatucheka.

*

Msako wa nyumba ya Mheshimiwa ulifana. Mabalozi walikalishwa sakafuni, maana hakikubaki kiti kisicho na mashaka. Nyumba nzima ilikuwa na kalenda moja ukutani na glasi moja ya maji. Bi Sikudhani akaingia amevaa shati bila mkanda, akajizungusha, akapita chumba kwa chumba akifuatwa na mwangwi wa nyayo zake.

"Nimetafuta," akasema. "Sijaona kitu."

Makofi yakalia. Mheshimiwa akajifuta machozi, akasema kiongozi wa kweli hana kitu. Balozi mmoja akauliza kwa upole analala wapi, na Mheshimiwa akajibu kwamba halali, anawafikiria wananchi.

Usiku huo, kwa mara ya kwanza, ikawa kweli.

Ndege ya mabalozi ilipoondoka, Afande Mbaruku akaingia mtaani na malori kukusanya. Kila mlango alioubisha alipewa jibu moja, kwa adabu, na maji ya kunywa juu yake. Tumepewa na Mheshimiwa mwenyewe, mbele ya kamera. Kama kuna mtu anadai ni vyake, sheria si ipo? Aje atafute na shati. Afande akarudi akamweleza bwana wake kwamba kwa kweli utaratibu ndio huo, na kwamba yeye hawezi kuruka hatua.

Mheshimiwa akafikiri, akaona njia. Angeanza na nyumba moja ya mtu mnyenyekevu. Huyo akishatoa, wengine watafuata kama kawaida yetu. Akamchagua yule mama aliyepiga goti kupokea taa.

Mtaa ulisikia, na hofu ikatushika. Wote tulijua kwamba Bi Sikudhani akiachia cherehani, jioni hiyo hiyo friji inatoka zahanati, kengele inatoka shuleni, na wagonjwa wanasimama tena. Nilikwenda kumwambia akimbie nayo kwa ndugu zake. Akaniuliza umbali ule ataibebaje, akasema kuna gauni la harusi anataka kulimaliza.

*

Mheshimiwa alikuja asubuhi. Alitaka kuja bila kwaya, Afande akamkumbusha kwamba msako bila kwaya ni uvamizi, basi tukaitwa. Alikuwa amevaa shati kubwa kuliko yote, bila mkanda, bila mfuko, na miguu yake myembamba ilionekana kwa mara ya kwanza tangu aingie Bungeni. Nyuma yake alikuja Profesa Lutengano kama mtaalamu wa sheria, na nyuma ya Profesa mtaa wote, na kwenye uchochoro akasimama mama mzazi wa Mheshimiwa, bibi kizee Bi Nambua, ambaye alikuwa ameambiwa mwanawe ametoka na shati tu akaja kuangalia kama anaumwa.

Mlango wa Bi Sikudhani ni mwembamba. Mheshimiwa alipojipenyeza shati likafumuka ubavuni. Ndani, cherehani ilikuwa inalia. Bi Sikudhani hakuisimamisha mpaka alipofika mwisho wa mshono, ndipo akainuka akaamkia.

"Karibu, Mheshimiwa. Jizungushe kidogo tuone hukuingiza kitu."

Akajizungusha. Tukashuhudia. Kisha akainyooshea cherehani kidole akasema ni yake.

Mwalimu wa kwaya akainua mkono, lakini Bi Sikudhani alimtangulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza vipimo vya kiuno.

"Haya, baba. Umeipata wapi?"

Niliona jinsi akili ya Mheshimiwa inavyozunguka chumbani ikitafuta mlango. Akisema bohari, ni ya Serikali. Akisema kununua, muuzaji aitwe. Alimtazama Profesa, na Profesa akatazama paa. Ndipo akakumbuka jibu alilolisikia siku nyingi katika nyumba za watu, jibu ambalo halikuwahi kuwa na shahidi.

"Nimerithi kwa mama yangu," akasema.

"Aitwe athibitishe," akasema Afande Mbaruku, kwa mazoea tu ya kazi. Nadhani hata yeye alishtuka alipojisikia.

Haikuhitajika kutuma mtu. Bi Nambua alikuwa amekwisha kuingia akimtafuta mwanawe. Akaelezwa swali, maana masikio yake ni mazito. Akaitazama cherehani, akaipapasa, akamtazama mwanawe aliyesimama na shati lililofumuka.

"Ngwali," akasema, "tangu lini mimi nimejua kushona? Nguo zako zote za utotoni alikushonea mama yake huyu Sikudhani. Kwa hii hii."

Hapo Mwalimu wa kwaya akateremsha mkono. Nimeimba miaka mingi na sijapata kuimba namna ile. *Sema, sema, sema ndugu, umekipata wapi?* Watu wa nje wakaitikia, uchochoro ukaitikia, na kutoka zahanati muuguzi akaitikia akiwa na sindano mkononi. Besi yangu ilishuka mpaka nikaisikia kwenye magoti. Profesa Lutengano naye alikuwa anaimba, amefumba macho, na hatimaye mtu wa nchi yake alikuwa ameelewa somo lake.

Tulipomaliza, Mheshimiwa alikuwa bado amesimama pale pale. Bi Sikudhani akamwonea huruma, nami naapa ilikuwa huruma, haikuwa kejeli. Alimwambia shati limefumuka, hawezi kupita barabarani hivyo na mama yake anamtazama. Akamwinamisha karibu na cherehani, shati likiwa bado mwilini, akaupitisha ubavu wa shati chini ya sindano, akakanyaga. Waziri wa Vitu Vinavyoonekana akakaa ameinama, shavu lake karibu na gurudumu, mpaka mshono ukaisha. Kisha akaondoka akitanguliwa na mama yake. Mikono yake ilikuwa inaning'inia tu, maana shati lile halina mfuko wa kuitia.

Kesho yake Profesa aliitwa tena Wizarani, akaambiwa atafute kitenzi kingine cha Kiingereza. Ubao wa mpakani kinyozi aliurudisha mwenyewe, lakini misumari iliyoshikilia miguu ya meza ilikwisha kulichubua jina, kwa hiyo mpaka sasa tunasema hapa hapa. Sheria haikuweza kufutwa, imeandikwa jina la Mheshimiwa juu yake, basi wakafanya walichoweza. Wakapiga marufuku maneno ya wimbo wetu.

Sasa kila mkubwa akiingia ukumbini na gari jipya au saa mpya, kwaya tunasimama na kuimba bila maneno, midomo imefungwa, muziki mtupu. Hatuvunji sheria. Maneno wanayo wale waliokaa mbele yetu, na nikiwa kule safu ya nyuma nawaona midomo inavyocheza.